Maji Yasiyotaka Makaa

Nilifika kwa Bi Hajira mara ya kwanza kumuuzia makaa, akanifukuza kabla sijashuka kwenye gari.

Wakati huo nilikuwa natoa makaa Handeni na kuwasambazia mama lishe wa Segera na Kabuku. Mtu mmoja akaniambia kuwa katika kitongoji cha Kwamazi, ukiacha lami kabla hujafika Segera ukitokea Korogwe, yuko mama ananyonyoa kuku kila siku ya Mungu na kuwauza kwenye mahoteli. Nikapiga hesabu yangu. Kuku hanyonyoki bila maji ya moto, na maji hayachemki bila makaa. Mteja wa namna hiyo ukimshika peke yako, umetulia.

Nikamkuta amesimama katikati ya njia, khanga kaifunga kiunoni, mkononi kuku asiye na nyoya hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umebeba nini humo?"

"Makaa, mama. Ya mgunga, ukiwasha asubuhi jioni bado yapo."

"Geuza gari."

"Hata bei hujauliza!"

"Ya nini? Makaa hayavuki jiwe lile pale. Ukitaka kuzungumza na mimi rudisha gari lako barabarani, nawa mikono hiyo, uje kwa miguu."

Nilidhani ananibana nishushe bei. Wapo wateja hivyo, wanaanza kwa kukutukana mzigo ili wamalizie kwa kuubeba bure. Nikarudisha gari, nikanawa, nikarudi kwa miguu nikiwa nimeshajipanga nitashuka mpaka wapi. Sikupata nafasi ya kushuka. Nyuma ya nyumba yake ardhi ilikuwa inatoa mvuke. Maji yalikuwa yanatoka kwenye ufa wa mwamba, yamezungushiwa mawe kama uwanja mdogo, yakimwagikia kwenye shimo la mwamba lenye umbo la bakuli. Mdogo wake, Jabiri, alikuwa anachinja mbali kule upande wa njia, damu ikishakauka ndipo anamletea. Bi Hajira anamshika kuku miguu, anamzamisha bakulini, midomo inachezacheza kama mtu anayesoma dua, anamtoa, anampitishia kiganja mara mbili, kuku yuko uchi.

Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna makaa. Nikajua nimekuja kumuuzia mvua mtu aliyesimama mtoni.

"Maji haya yana moto wake," akaniambia. "Hayataki moto wa mwingine. Makaa, masizi, sufuria iliyoungua, hata hiyo sigara yako ya mfukoni, havivuki mawe. Mama yangu alinikabidhi hivyo, na yeye alikabidhiwa hivyo."

"Na vikivuka?"

"Umeshaona mwanamke analetewa mke mwenza ndani bila kuambiwa?"

"Nimeona."

"Basi hivyo hivyo."

Alilijua alilosema. Alikuwa ameolewa Masuguru, Korogwe mjini, na huko ndiko alikojifunza kunyonyoa kuku, kwenye shughuli za watu, macho mekundu kwa moshi. Mumewe alipomletea mwenzake ndani hakugombana naye. Alifunga nguo zake kwenye shuka akarudi kwa mama yake Kwamazi. Maji yale wakati huo yalikuwa ya wazee kukandia magoti na ya tambiko mara moja moja, basi. Akamwomba mama yake ruhusa ya kuzamisha kuku. Mama yake akafikiri siku kadhaa, kisha akasema wakubwa wameliacha neno kuhusu moto, kuhusu kuku hawakuacha neno. Biashara ikaanza hapo.

Siku ile ile nikamuuliza nani anampelekea mzigo Segera. Jabiri, kwa baiskeli. Nikamwambia mimi nina gari linalopita kila siku. Tulibishana mpaka jua likageuka. Alikuwa ananiita "mwanangu", na baadaye nilikuja kujua kuwa Bi Hajira akikuita mwanangu jishike vizuri mfuko, anakupunja. Akikuita "bwana Kasmiri" amekasirika, hapo unaweza kupata kitu. Nikaacha makaa, nikawa mchukuzi na mnunuzi wake. Wenzangu wa Handeni wakanicheka. Wao walikuwa wanauza moto. Mimi nilikuwa nimepata mahali moto unapotoka wenyewe, na hesabu ya biashara ni hiyo.

Miaka ikaenda. Kisha ukaja mradi wa jotoardhi.

Wataalamu walikuwa wanajua kuwa maji ya Bi Hajira ni tone tu la bwawa kubwa lililofichwa chini kwenye nyufa za miamba. Walichimba kisima kirefu cha kutoa maji hayo ya moto, wayanyonye joto lake kwa kukaushia mazao na kuzalisha umeme kidogo, halafu maji yakishapoa wayarudishe chini kwenye kisima cha pili, ili tumbo la ardhi lisikauke. Hicho cha pili walitaka kiwe mlimani, juu ya nyumba ya Bi Hajira, na shimo la majaribio walikuwa wameshalitoboa. Kambi ikajengwa, na jiko la kambi likawa linakula kuku. Kuku hao nilikuwa napeleka mimi, kwa hiyo mradi niliupenda, siwezi kusema vingine.

Mkuu wa kazi ile alikuwa dada mmoja anaitwa Edna, mtaalamu wa maji ya ardhini, mpole, asiyeogopa kukaa kwenye kigoda. Alimweleza Bi Hajira mbele yangu.

"Bibi, kinachonitia wasiwasi ni maji baridi tutakayoyarudisha. Chini huko kuna nyufa, na ufa ni kama njia ya panya, huwezi kujua unatokea wapi. Kama kuna njia ya mkato kutoka kisima cha mlimani mpaka hapa kwako, maji yetu baridi yatakufikia kabla hayajapata moto tena. Yako yatapoa."

"Yatapoa kiasi gani?"

"Ya kuogea yatabaki. Ya kunyonyolea kuku, sijui."

Bi Hajira akamwangalia kuku aliyekuwa mkononi.

"Ndiyo maana nataka kupima kwanza," Edna akaendelea. "Tutamwaga rangi kwenye kisima kile, rangi isiyo na madhara, kidogo sana, kwa macho hutaiona. Halafu tutatega vifuko hapa kwenye jicho la maji, vinywe kila kinachopita. Rangi ikifika tutajua, na tutakipeleka kisima cha kurudishia mahali pengine. Ila vifuko visiguswe na mtu."

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Sharifu, akatia sharti lake: vyombo vya mradi vikikaa salama, bomba la maji baridi la kambi litapitia kwa Bi Hajira na atawekewa koki uani. Hili lilikuwa jambo. Maji yale ya moto yana chumvi na uchungu, hayanyweki, hayapikiki. Maji ya kunywa alikuwa anayafuata kijitoni bondeni, na kupanda na ndoo kwa magoti yake ilikuwa adhabu. Akakubali upesi mpaka nikashangaa. Mimi ningeomba na tangi.

Rangi ikamwagwa. Vifuko vikatundikwa.

Haukupita muda mrefu, alfajiri moja nikachukua mzigo wa kuku weupe wa kisasa, nimefunika tenga kwa turubai, nikafika Segera kumekucha. Hilaria, mwenye hoteli, akafunua turubai akaniita kwa sauti ya kuitia mwizi.

"Kasmiri! Hawa kuku umewachovya wapi?"

Kuku walikuwa wa kijani. Wala si kijani cha kuoza, maana nawajua kuku waliooza. Hiki kilikuwa kijani cha majani ya mgomba yanapochipua, kimeelekea njano, kimekaa kwenye ngozi, na vinyoya vilivyobaki kwenye mbawa vinang'aa kabisa.

"Wabichi hawa, nusa."

"Ninuse nini? Wateja wangu wanakula kwa macho kwanza. Waondoe hapa, nitaambiwa nauza kasuku."

Nikawarudisha Kwamazi. Siku hiyo niliitwa bwana Kasmiri mpaka nikachoka. Yeye anasema turubai langu lilikuwa na dawa ya shambani. Mimi nasema kawalisha kitu. Yeye anasema kwake kulikuwa giza na mvuke, kanyonyoa kama siku zote, maji hayakuwa na kasoro. Mimi nasema sitalipia kuku ambao hawakuuzika. Jabiri akawachukua wale kuku, akawala na familia yake siku mbili mfululizo, na yu mzima hadi leo. Rangi haikurudi tena, na sisi tukabaki tumenuniana, tunafanya biashara kwa kusalimiana tu. Habari ya rangi ya mradi haikutujia hata kidogo. Tuliambiwa haionekani, sasa nani afikirie kuwa ndiyo hiyo?

Mwisho wa kiangazi ukaitishwa mkutano chini ya paa la ghala la kambi. Edna akasimama na majibu. Vifuko vyote vimepimwa, hakuna rangi hata chembe. Maana yake, maji ya kisima cha mlimani hayaendi kwa Bi Hajira, na ofisi imeamua kisima cha kurudishia kitakuwa hapo hapo. Watu wakapiga makofi. Lakini yeye mwenyewe niliona hana furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Akasema maji ya pale juu na ya pale chini yana chumvi inayofanana mno, angependa kupima mara ya pili, ila ofisi imeshaona inatosha.

Ili watu wamwelewe, akatoa chupa ndogo ya rangi yenyewe, akadondosha tone kwenye gilasi ya maji. Maji yakawaka kijani.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Bi Hajira. Nikaona shingo yake imekakamaa.

"Mama," nikamnong'oneza, "hao ni kuku wangu."

"Nyamaza."

"Rangi ilifika kwako. Wanasemaje haikufika?"

Akanyanyuka akatoka nje, nami nikamfuata mpaka kwenye kivuli cha matangi. Hapo ndipo akaniambia. Siku ile ile vifuko vilipotundikwa aliona weusi unachuruzika. Akavibonyeza. Makaa. Makaa yamesagwa, yametiwa kwenye vifuko vya wavu, yametundikwa ndani ya jicho la maji.

"Ukavitupa?"

"Nitupe mali ya watu? Nilivipeleka bondeni, nikavitundika kwenye kijito pale ninapochotea maji ya kunywa, juu ya haya ya moto yanapoingilia, vizuri tu, ndani ya maji kama wanavyotaka. Gari la yule binti linapiga kelele tangu barabarani. Nikilisikia, navirudisha. Akiondoka, navihamisha."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Amekuja kwangu kwa adabu, amekaa kwenye kigoda changu, nianze kumgombeza na yeye mgeni? Nikajua atachukua vitu vyake ataondoka, tumeachana vizuri."

Niliegemea tangi. Kwa hiyo mradi mzima ulikuwa umepima kijito cha bondeni.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Ukisimama ukasema, Sharifu atasema umegusa vyombo, na koki umeikosa."

"Najua."

"Usiposema, maji baridi yanakuja chini kwa chini. Unabaki na koki nzuri uani na huna kazi."

"Na wewe? Kisima kikihama na kambi inahama, si unakosa jiko lao?"

"Nalikosa."

"Basi mbona unanisukuma?"

"Kambi inakula kuku mpaka mradi uishe. Segera inakula kuku siku zote. Na kuku wa Segera wakianza kutaka kuni nitakuwa sina tofauti na mchuuzi mwingine yeyote pale njia panda."

"Angalau husemi unanihurumia."

"Ningekuhurumia ungenipunja."

Akarudi ndani, hakukaa. "Mwenyekiti, nina neno." Akalisema lote, wima, bila kujipaka asali. Ghala likalipuka kwa kicheko. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Bi Hajira anafuga makaa kijitoni!" Mwingine, "Muulizeni kama yametaga!" Mzee Sharifu akawa amekunja uso kwa sababu ya sharti lake, wazee wawili wa Kizigua wakatikisa kichwa kwa sababu ya makaa.

"Mwanangu, nisamehe," akamwambia Edna. "Ungeniambia ni makaa ningekukatalia mapema."

Edna hakukasirika. "Na mimi ningekuuliza kama yanaruhusiwa. Sikuuliza, nikasema vifuko tu." Kisha akasogea mbele. "Lakini bibi, sasa nina vifuko visivyo na maana. Kama maji yako yalipata rangi au hayakupata, hakuna anayejua. Maji tuliyochota kwenye chupa kila nilipokuja tulichota mara moja moja, rangi inaweza kupita kati ya siku na siku. Nilitegemea makaa kwa sababu yanakaa pale muda wote, kikipita kitu yanakishika."

Nikaona zamu yangu imefika. "Kuku je?"

"Kuku gani?"

Nikamweleza habari ya tenga langu, na Jabiri akasimama kushuhudia kuwa ameila rangi hiyo na haina ladha. Edna akauliza manyoya yaliko. Bi Hajira hufukia manyoya kwenye shimo chini ya migomba, kila siku anafunika kwa udongo kidogo, kwa hiyo shimo lake limepangana kama mkate wa tabaka tabaka. Mkutano mzima ukahamia migombani. Jabiri akachimba. Meupe, ya kahawia, meupe, halafu jembe likatoa fundo la kijani.

"Bahati yalikuwa gizani," Edna akasema, ameyashika kwenye kiganja kama mtu aliyeokota hereni. "Jua hii rangi linaiua." Akayatia kwenye mfuko wa plastiki. Kisha akamgeukia Bi Hajira, akasema ofisi haitahamisha kisima kwa ajili ya manyoya, ila kwa manyoya haya atapata ruhusa ya kupima upya. "Na safari hii makaa niyaweke wapi?"

Hapo nikamwona Bi Hajira ninayemfahamu. Mikono kiunoni, kichwa kimeinama upande.

"Ndani ya mawe, hapana."

"Nikiyaweka chini, maji ya kijito yanaingia, kipimo kinaharibika."

"Nje ya mawe, kabla hayajafika kijitoni. Leta bomba, lipokee maji pale yanapovuka, liyatoe kwenye ndoo nje. Yakishavuka mawe ni maji tu, tundika unachotaka."

"Bomba linaruhusiwa kugusa?"

"Bomba la plastiki? Limeungua wapi?"

Wakakubaliana. Rangi ikamwagwa tena mlimani, na safari hii Bi Hajira alikuwa ananyonyoa kuku wa kienyeji wenye ngozi nyeusi tu, weupe niliwakataa mpaka kipimo kiishe. Makaa ya kwenye ndoo yakatoka na jibu. Rangi ilikuwa imefika, tena upesi kuliko Edna alivyodhani. Njia ya mkato ilikuwapo kweli, kutoka mlimani moja kwa moja mpaka kwenye jicho lake la maji.

Kisima cha kurudishia kikahamishiwa upande wa pili wa barabara, mbali, ambako Edna alipima pia na rangi haikutokeza popote. Kambi ikahama nako, na bomba la maji baridi likahama na kambi. Koki iliyokuwa iwekwe kwa Bi Hajira iko sasa karibu na nyumba ya shemeji wa mzee Sharifu, na mwenyekiti husema imetokea hivyo tu. Jiko la kambi nalo lilipata mtu wa kule kule wa kulipelekea kuku. Nilimwendea Edna siku anafunga mizigo, nikamuuliza nani atanifidia tenga langu la kijani. Alicheka, akasema mradi una fungu la mabomba, la mafuta na la chai, la kuku wa rangi hauna. Nikamwambia nilikuwa najua, nilikuwa najaribu.

Tukabaki sisi wawili na kuku wale. Bi Hajira akanikumbusha kuwa imethibitika turubai langu halikuwa na kosa wala yeye, kuku walikuwa wabichi, kwa hiyo nilipie. Nikamwambia ubichi haunihusu, hawakuuzika, na mlaji ni mdogo wake. Akaniita mwanangu. Nikasimama kabisa, maana nikikaa nimekwisha. Tulimalizana hivi: sitoi pesa, lakini kila alfajiri ninapokuja kuchukua mzigo nipitie kijitoni bondeni nimpandishie madumu mawili ya maji ya kunywa kwenye gari. Nilidhani nimeshinda. Kuku walikuwa wa tenga moja. Maji nayabeba mpaka leo, na akiulizwa lini deni litaisha anasema bado anapiga hesabu.

Hata hivyo siku zote nikishusha tenga tupu nachovya kidole bakulini, na kila mara nakitoa upesi. Bado yanaunguza. Segera hakuna mwingine anayeleta kuku kwa bei yangu.

Madumu yenyewe sivuki nayo kiholela. Nayatua kwenye jiwe lile alilonifukuzia, Bi Hajira anakuja, anayageuza moja moja kuangalia chini kama yana masizi, ndipo anayapokea.